Digrii ya Mwalimu wa Nasari: Nani Atalipa?

Ndugu wafanyakazi, tangu mwaka 2019 Uganda ina sera ya walimu inayosema kila mwalimu, hata yule wa nasari, sharti awe na digrii. Zamani aliyemaliza kidato cha nne aliingia chuo, akapata cheti, akafundisha. Sera hiyo inasema cheti peke yake hakitoshi tena.

Jambo hili linatuhusu. Mama anayewahi zamu ya asubuhi kiwandani Jinja, anayepalilia miwa Kakira, au anayefanya kazi katika viwanda vya Mbale, humwacha mtoto kwa mwalimu wa nasari. Bila mwalimu huyo hakuna zamu.

Sisi hatupingi elimu. Wengi wetu tuliishia darasa la saba, na uchungu wa kukosa karatasi tunaujua: unamfundisha kijana mashine, kesho yeye ndiye msimamizi wako. Na mtoto wa miaka minne anastahili mwalimu anayeijua kazi. Lakini gharama nani ataibeba?

Elimu ya msingi bila ada, iliyoanza mwaka 1997, haikugusa nasari. Nyingi ni za watu binafsi na za dini, na mshahara wa mwalimu hutoka katika ada tunayolipa sisi. Kima cha chini cha mshahara ni kile cha mwaka 1984, shilingi 6,000 kwa mwezi. Hata kilo moja ya nyama hupati. Bunge lilipitisha muswada wa kukibadili mwaka 2019. Rais hakuutia sahihi.

Tulikaa na mwalimu mmoja Mbale, miaka 14 kazini. Akatuuliza: "Ndugu zangu, nikienda chuo miaka mitatu, wanangu watakula nini? Na nikirudi na digrii, mwenye shule ataniongeza shilingi ngapi?" Tulikunywa chai, jibu hatukuwa nalo.

Tunachodai ni hiki: wasome wakati wa likizo bila kupoteza kazi, serikali ilipe karo ya chuo, na miaka yao ya kazi ihesabiwe. Waajiri nao wachangie nasari zilizo karibu na viwanda na mashamba, na hilo liandikwe katika mkataba wa pamoja.

Kila tawi lilete orodha ya nasari wanakosoma watoto wetu, idadi ya walimu, vyeti vyao na ada tunayotozwa, kabla ya mkutano wa mwisho wa mwezi.