Tunza Ringi ya Aloi Unapobadilisha Tairi

Ukisimama Mombo na kutazama juu, unaona milima ya Usambara imesimama kama ukuta. Barabara ya kwenda Lushoto inapanda ukuta huo kwa kilomita zipatazo 33. Inapita Soni, kisha inafika mji wa Lushoto, ulio zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari. Kona zake ni nyingi na kali. Upande mmoja kuna mwamba. Upande wa pili kuna bonde.

Katika milima hii pikipiki hufanya kazi kubwa. Hubeba kabichi, karoti na viazi kutoka shambani hadi barabarani. Hubeba mgonjwa kwenda zahanati. Hubeba mama mjamzito usiku, wakati gari halipatikani.

Pikipiki inagusa ardhi kwa matairi mawili tu. Kila tairi limeshikwa na ringi. Ringi ikiharibika, tairi haliwezi kukaa vizuri. Upepo ukitoka ghafla kwenye kona ya mteremko, dereva na abiria wake wamo hatarini.

Watu wengi hudhani ringi huharibiwa na mawe na mashimo ya barabarani. Ni kweli, hayo huharibu. Lakini ringi nyingi huumizwa pia chini ya mti, siku ya kuziba pancha. Huumizwa kwa nyundo, kwa bisibisi na kwa haraka. Madhara hayo tunaweza kuyazuia sisi wenyewe.

RINGI YA ALOI NI NINI?

Zamani ringi nyingi zilikuwa za chuma, zenye spoku nyembamba. Ringi hizo bado zipo. Lakini sasa pikipiki nyingi zitokazo India na China zina ringi za aloi. Ringi hizi hazina spoku nyembamba. Zina mikono minene michache, nayo imeungana na ringi kuwa kitu kimoja. Magari madogo mengi nayo yana ringi za aina hii. Watu wengine huziita ringi za spoti.

Aloi ni madini mawili au zaidi yaliyoyeyushwa na kuchanganywa pamoja. Katika ringi hizi madini makubwa ni alumini. Alumini huchanganywa na vitu vingine kidogo ili iwe ngumu zaidi.

Ringi hizi zilianza kwenye magari ya mashindano. Mwaka 1924, nchini Ufaransa, gari la Bugatti lilishindana likiwa na magurudumu ya alumini. Siku hizi hata pikipiki ya kubebea viazi inayo.

Alumini unaijua. Sufuria nyingi za jikoni ni za alumini. Ukiinua sufuria hiyo unaona ni nyepesi. Ukiigonga kwa chuma inabonyea. Ukiikwaruza inabaki na alama. Ringi ya aloi ni ngumu kuliko sufuria, lakini tabia zao zinafanana.

Chuma kikipigwa hupinda, na mara nyingi fundi huweza kukinyoosha. Aloi ikipigwa sana huweza kupasuka. Ufa wake unaweza kuwa mwembamba kama unywele, usiuone kwa macho. Ufa huo hukua kidogo kidogo kila unapopita kwenye shimo.

MKWARUZO MDOGO UNA UBAYA GANI?

Pengine utasema, "Mkwaruzo tu! Ringi si uso wa bibi harusi." Sikiliza, ndugu msomaji.

Matairi ni ya aina mbili. Aina ya kwanza ina mpira wa ndani. Ringi ikichanwa, hubaki na ncha kali kama jino. Jino hilo husugua mpira wa ndani mpaka utoboke. Utaziba pancha leo, kesho upepo umetoka tena. Utamlaumu fundi na kuulaumu mpira, kumbe jino la ringi ndilo lenye makosa.

Aina ya pili haina mpira wa ndani. Ukingo wa tairi hubana kwenye ringi na kuzuia upepo usitoke. Ringi ikiwa na mkwaruzo mahali pale, upepo hupenya polepole. Jioni umejaza, asubuhi tairi limelegea.

Sasa fikiri juu ya kijana anayeendesha pikipiki kwa mkataba. Kila siku anapeleka fedha kwa mwenye pikipiki. Muda wa mkataba ukiisha, pikipiki itakuwa yake. Pikipiki ikilala siku tatu kwa sababu ya ringi, fedha za siku tatu hazipatikani. Kununua ringi mpya kutamrudisha nyuma zaidi. Kutunza ringi ni kuitunza kazi yake.

KABLA YA KUANZA

Tayarisha vitu hivi:

1. Gunia lililojazwa majani makavu, au tairi kuukuu. Gurudumu litalala juu yake. Usililaze juu ya jiwe au sakafu ya saruji.

2. Vyuma bapa viwili au vitatu vya kutolea tairi. Ncha zake ziwe laini na za mviringo. Kama zina meno, zisugue kwa tupa. Usitumie bisibisi. Usitumie nondo.

3. Vipande vya kukinga ringi. Kata vipande vya plastiki nene kutoka kwenye dumu kuukuu, kila kimoja kikiwa na upana wa kiganja. Kikunje katikati. Kitakaa juu ya ukingo wa ringi, chini ya chuma. Kipande cha ngozi nene nacho chafaa.

4. Maji ya sabuni na kitambaa. Usitumie grisi wala mafuta ya injini. Mafuta huharibu mpira. Tena hufanya tairi liteleze juu ya ringi.

Osha gurudumu kwanza. Mchanga ukibaki kati ya chuma na ringi, utakwaruza kama msasa. Kama breki ni ya diski, diski isikanyagwe wala isipate mafuta.

HATUA ZA KUTOA TAIRI

Kwanza, toa upepo wote. Fungua kijisindano kilichomo ndani ya valvu. Legeza pia nati ya valvu. Upepo ukibaki, tairi hukaza na utatumia nguvu bure.

Pili, bandua ukingo wa tairi kutoka kwenye ringi, pande zote mbili. Kanyaga tairi kwa kisigino, karibu na ringi, ukizunguka taratibu. Likikataa, pitisha maji ya sabuni, ngoja kidogo, kisha kanyaga tena. Usipige kwa nyundo. Nyundo ikiteleza itaangukia ringi.

Tatu, pitisha maji ya sabuni kwenye ukingo wote wa tairi.

Nne, jifunze siri ya bonde. Tazama ringi kwa ndani. Utaona katikati pana bonde linalozunguka ringi yote. Bonde hilo lina kazi. Ndani ya ukingo wa tairi kuna nyaya za chuma, nazo hazivutiki. Ili upande mmoja wa tairi utoke, upande wa pili sharti ushuke bondeni. Basi piga magoti juu ya tairi upande ulio mbali na valvu. Lisukume liingie bondeni.

Tano, weka vile vipande vya plastiki kwenye ukingo wa ringi, karibu na valvu. Ingiza ncha ya chuma kidogo tu, isije ikatoboa mpira wa ndani. Inua. Weka chuma cha pili umbali wa vidole vitatu, kisha inua tena. Hamisha vipande vya plastiki kila unapohamisha vyuma. Chukua sehemu ndogo ndogo.

Ukiona unatumia nguvu nyingi, simama. Si kwamba tairi ni gumu. Tairi limetoka bondeni. Lirudishe bondeni kwa magoti, nalo litalegea. Siri hii huokoa ringi kuliko nguvu za watu watatu.

KAGUA RINGI

Tairi likishatoka, usikimbilie kulirudisha. Futa ringi kwa kitambaa. Pitisha kitambaa polepole ndani na kwenye ukingo. Kitambaa kikinasa, hapo pana jino. Jino dogo lisugue kwa msasa laini mpaka pawe pororo.

Kisha tafuta ufa. Tazama mahali mikono inapoungana na ringi. Tazama pia ukingo wote.

Methali inasema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ufa wa ringi ya aloi hauzibwi chini ya mti. Ringi yenye ufa haifai kubeba mtu. Ibadilishwe.

Kadhalika, ringi iliyopinda isinyooshwe kwa moto. Chuma kikipata moto mkali huwa chekundu, nawe unaona. Alumini haionyeshi hivyo. Inaweza kuyeyuka kabla hujaona wekundu wowote. Na hata isipoyeyuka, moto huipunguzia nguvu. Utaiona imenyooka, kumbe imekuwa dhaifu.

HATUA ZA KURUDISHA TAIRI

Kwanza, papasa ndani ya tairi kwa kitambaa. Ondoa mwiba au msumari uliobaki. Tazama mshale ulioandikwa ubavuni mwa tairi. Mshale huo uelekee upande gurudumu linakozunguka pikipiki ikienda mbele.

Pili, jaza mpira wa ndani upepo kidogo ili upate umbo. Hivyo hautajikunja wala kubanwa.

Tatu, anza kuingiza tairi upande ulio mbali na valvu. Maliza kwenye valvu. Tumia mikono na magoti kadiri uwezavyo. Sehemu ya mwisho tu ndiyo itumie chuma, na plastiki iwe chini yake.

Nne, sukuma valvu ndani kidogo, kisha iache irudi. Hivyo mpira hautabanwa na tairi mahali hapo.

Tano, jaza upepo taratibu. Ubavuni mwa tairi kuna mstari mdogo unaozunguka. Mstari huo uwe na umbali sawa na ringi pande zote. Usipokuwa sawa, toa upepo, ongeza maji ya sabuni, ujaze tena. Usizidishe upepo ili kulilazimisha tairi. Linaweza kupasuka na kukuumiza. Kamwe usitumie petroli na moto. Kiasi cha upepo kinachotakiwa kimeandikwa kwenye kitabu cha pikipiki.

Mwisho, rudisha gurudumu na ukaze nati ya ekseli sawasawa. Inua gurudumu ulizungushe. Litazame kama linayumba. Bonyeza breki mara kadhaa mpaka zishike. Fanya hivyo kabla ya kupakia abiria.

KWA WENYE MAGARI

Gari lina njia yake. Mara nyingi tairi lake hutolewa kwa mashine. Kabla fundi hajaanza, mwambie, "Fundi, ringi hizi ni za aloi. Naomba uweke kinga ya plastiki kwenye mashine." Fundi mzuri hatakasirika. Atafurahi kuona mteja anajali mali yake.

Gurudumu likiganda lisitoke, usilipige kwa nyundo ya chuma. Weka kipande cha ubao kati ya nyundo na tairi, upige taratibu. Likitoka, sugua kutu kwa brashi mahali linapokaa, ili lisigande tena.

Unapofunga nati, usizikaze kwa kufuatana. Kaza moja, kisha ile inayoikabili. Hivyo gurudumu hukaa sawa. Ukishatembea kilomita 50 hadi 100, zikague tena.

PANCHA NJIANI

Pancha ikitokea njiani, usiendelee kuendesha hata kama nyumbani ni karibu. Tairi bila upepo huacha ringi ipigwe na mawe moja kwa moja. Mwendo mfupi hivyo unaweza kuiharibu ringi kabisa. Simama mahali salama, mbali na kona. Shusha abiria na mzigo. Isukume pikipiki polepole hadi kwa fundi.

Ndugu msomaji, kipande cha dumu kuukuu hakigharimu kitu. Maji ya sabuni yapo nyumbani. Subira nayo hainunuliwi. Ringi mpya inanunuliwa kwa fedha nyingi, na maisha ya abiria hayanunuliwi kabisa. Haraka haraka haina baraka.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini ringi ya aloi isipigwe kwa nyundo?

2. Bonde la ringi lina kazi gani unapotoa tairi?

3. Kijana amezibiwa pancha mara tatu kwa wiki, mahali pale pale. Akague nini?

4. Madereva wa kijiweni kwenu wanaweza kununua kwa pamoja vifaa gani vya kutunza ringi?

Someni habari hii pamoja na fundi wa kijiji chenu. Tazameni gurudumu moja huku mkisoma. Maneno yatawaingia upesi zaidi.