Mbio zikiisha, wito hauishi

Eddy Merckx wa Ubelgiji alishinda mbio za baiskeli za Tour de France mara 5. Mwaka 1978, akiwa na miaka 32 tu, mwili ulichoka, akastaafu. Mwaka 1980 alifungua kiwanda cha baiskeli, na vijana wakashindana kwa baiskeli zilizotoka kwake.

Wewe uliyestaafu, asubuhi unaamka huna pa kwenda. Simu imenyamaza. Usidhani Mungu naye amekusahau. Musa alikuwa na miaka 80 aliposimama mbele ya Farao (Kutoka 7:7).

Jirani yako yupo kijana anayehitaji ujuzi wako. Leo baada ya ibada, mwite, umuulize: "Mwanangu, nikusaidie nini?"

Jumapili njema.