Deki, Resiva na Waya Ulio Kati Yake: Pesa Iende Wapi?

Anayetaka saraundi ya kweli sebuleni huanza kwa kuulizia bei ya spika. Ningemshauri aanze nyuma ya resiva, kwenye matundu, kwa sababu hapo ndipo inapoamuliwa kama zile spika tano na sabufa zitapata kila moja sauti yake, au zote zitagawana sauti iliyotengenezwa kwa spika mbili.

Kwanza angalia diski ulizonazo. Filamu nyingi za DVD zimebeba Dolby Digital ya chaneli 5.1, na kwenye DVD sauti hiyo haizidi kilobiti 448 kwa sekunde. Mzigo huo unapita bila taabu kwenye waya wa optiko, ule wa mwanga mwekundu ambao Toshiba waliutoa mwaka 1983. Unapita vilevile kwenye waya wa koaksia, ambao tundu lake mara nyingi ni la rangi ya chungwa. Usilumbane na mtu kuhusu upi ni bora kati ya hizo mbili. Data inayopita ni ileile. Kwa hiyo mwenye DVD peke yake akishawishiwa kununua resiva ya HDMI kwa maelezo kwamba optiko imepitwa na wakati, analipia kitu ambacho diski zake hazina. Yamaha, Denon au Onkyo ya zamani isiyo na HDMI hata moja, mradi ina optiko au koaksia na nembo za Dolby Digital na DTS, itatoa kila kilichomo kwenye DVD hizo. Na kwa kuwa wanunuzi wengi wanaikwepa, hapo ndipo pa kuombea punguzo.

Waya mwekundu na mweupe unaokuja bure na deki ni wa chaneli mbili tu. Resiva inaweza kuzitawanya mpaka spika za nyuma, lakini inakisia.

Blu-ray, iliyoingia sokoni mwaka 2006, inabadilisha hesabu. Diski zake nyingi zina Dolby TrueHD au DTS-HD Master Audio, sauti isiyopunguzwa chochote, na hizo haziingii kwenye optiko wala koaksia. Ukitumia nyaya hizo deki itatuma toleo dogo, kwa mfano Dolby Digital ya hadi kilobiti 640. Bado ni 5.1, bado ni nzuri, na katika sebule yenye feni inayozunguka na dirisha lililo wazi barabarani sioni haja ya mtu kukopa ili aipandishe. Ila kama una chumba tulivu na spika za maana, HDMI inastahili gharama yake.

Hapa kuna mtego. Baadhi ya resiva za miaka ya mwanzo ya HDMI zina matundu hayo, lakini zinapitisha picha tu kwenda kwenye TV, sauti haziichukui. Kabla ya kulipa, mwambie muuzaji achomeke deki kwa waya wa HDMI peke yake. Sauti isipotoka kwenye spika za resiva, bei ishuke mpaka ile ya resiva ya optiko, au uiache.

Wenye 4K wana uamuzi mgumu zaidi, kwa sababu resiva ya zamani ya HDMI inaweza kuzuia picha ya 4K isifike kwenye TV. Dawa ni deki yenye matundu mawili ya HDMI, moja la picha na moja la sauti. Huko Marekani mwaka 2018, Sony UBP-X700 ilitoka kwa takriban dola 200, na Panasonic DP-UB820 kwa takriban dola 500. Zote zina HDMI mbili. Panasonic inaongeza matundu ya analogi ya chaneli 7.1, yanayoweza kuipa resiva isiyo na HDMI ile sauti kamili ya Blu-ray, kupitia nyaya sita au nane. Ni njia nzuri kwa mwenye resiva kubwa aipendayo, yenye matundu ya kupokea nyaya hizo. Kwa wengine, naona tofauti ya dola 300 ni bora iende kwenye resiva yenyewe.

Waya wenyewe usikutoe jasho. Kwa mita moja au mbili, HDMI ya bei nafuu inayofanya kazi inapeleka sauti ileile ya waya wa bei ya mbuzi.

Kinachoongeza gharama kimyakimya ni umeme. Resiva ya mtumba kutoka Japani ni ya volti 100, ya Marekani ni 120. Ukiichomeka kwenye umeme wetu wa 230 au 240, imekwisha. Bei ya transfoma ijumlishwe kabla hujasema ni rahisi, na uwezo wake uzidi wati zilizoandikwa nyuma ya resiva. Iliyotoka Uingereza au Dubai haina tatizo hilo. Deki nazo zina kanda: DVD za Tanzania na Kenya ni kanda ya 5, Blu-ray ni B, na deki ya Marekani kwa kawaida ni 1 na A.

Seti ya hom thieta ya pamoja ndiyo rahisi kuliko zote siku ya kununua. Lakini nyingi hazina tundu la optiko wala HDMI ya kuingizia sauti, hivyo lenzi ikifa huwezi kuchomeka deki nyingine ukapata 5.1.

Ukishafika nyumbani, usipitishe sauti kwenye TV. TV nyingi huipunguza kuwa chaneli mbili kabla ya kuitoa kwa optiko. Waya utoke kwenye deki moja kwa moja hadi kwenye resiva. Kisha ingia kwenye mipangilio ya sauti ya deki, uondoe PCM na kuweka Bitstream. Kioo cha resiva kinapaswa kuonyesha Dolby Digital au DTS. Kikiendelea kuonyesha PCM, fungua menyu ya diski yenyewe na uchague 5.1 badala ya stereo.