Mbwa Anapomfariji Mwanafunzi

Kwetu Mbinga mbwa ana kazi inayojulikana: kulinda nyumba usiku na kufukuza ngedere shambani. Tuliposikia kwamba vyuo vikuu vya ng'ambo huleta mbwa ili wanafunzi wawapapase kabla ya mitihani, tulicheka. Tulipofuatilia jambo lenyewe, kicheko kilipungua.

Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington State, Marekani, walichapisha utafiti uliohusu wanafunzi 249. Waliopapasa mbwa na paka kwa dakika 10 tu, mate yao yalionyesha kiwango kidogo cha kotisoli, homoni ya msongo wa mawazo, kuliko waliokuwa wakitazama au kungoja zamu. Kanada nako, katika utafiti wa mwaka 2021 wa Chuo Kikuu cha British Columbia, hata waliokaa na mwenye mbwa bila mbwa walipata nafuu kiasi. Waliomgusa mbwa ndio walioipata katika vipimo vyote.

Mbwa haulizi umepata alama ngapi. Mtakatifu Thoma wa Akwino, alipoeleza dawa za huzuni, alitaja machozi, huruma ya marafiki, usingizi na hata kuoga. Alijua kuwa moyo hutulizwa pia kupitia mwili. (Tobia naye alisafiri na malaika, na mbwa akafuatana nao.)

Mfano wa karibu uko Gulu, Uganda. Francis Okello Oloya alipofushwa na bomu akiwa na miaka 12. Katika shule ya bweni, mbwa ndio waliomsindikiza chooni usiku. Baadaye alianzisha mradi unaowapa manusura wa vita vya Kony mbwa wasio na makao, wawalee na kuwafunza.

Hatusemi kila mbwa wa mtaani apapaswe. Kichaa cha mbwa kinaua, hivyo chanjo kwanza. Tena wapo wanaoogopa mbwa, na jirani zetu Waislamu wana taratibu zao kuhusu mate ya mbwa. Hakuna wa kulazimishwa.

Mwenzetu mmoja alifiwa na mama katikati ya muhula. Kila tulipomuuliza alijibu, "Niko sawa tu." Jioni moja tulimkuta nyuma ya jiko, amemkumbatia mbwa wa mlinzi, akilia. Tulikaa naye pale bila kusema neno. Kesho yake alikwenda mwenyewe kwa baba wa kiroho.