"Mtandao Umekatika": Kauli Moja, Hitilafu Nyingi

Makala haya yanakusudia kufafanua jinsi ya kutafuta chanzo cha hitilafu katika mtandao wa nyaya wa nyumbani unapoacha kufanya kazi. Huenda msomaji akajiuliza mada ya namna hii inatafuta nini katika jarida la wapenzi wa Kiswahili. Jibu letu ni kwamba utafutaji huo huanza kwa neno, na neno la kwanza tunalolitamka aghalabu ndilo linalotupoteza.

Tuanze na kisa. Mwenzetu mmoja, mwanafunzi wa uzamili, alikuwa akiishi kwa mjomba wake katika mtaa wa Bulla Iftin mjini Garissa. Nyumba ilikuwa ya mawe, yenye kuta nene na milango ya chuma, vitu ambavyo hudhoofisha mawimbi ya redio. Kwa sababu hiyo mwenye nyumba alikuwa amepitisha nyaya hadi vyumbani, zote zikikutana katika swichi ndogo ya matundu manane pale sebuleni. Jioni moja, siku mbili kabla ya msimamizi wake kusafiri, mwanafunzi huyu alikaa kuituma sura ya tatu ya tasnifu yake. Haikwenda.

"Abti, mtandao umekatika," alimwambia mjomba.

Mjomba akamwita fundi, akamweleza vivyo hivyo: umekatika. Fundi naye, maadamu ameambiwa kuna kilichokatika, akatafuta palipokatika. Hakupaona. Akauza mita thelathini za kebo mpya, akaitandika, akalipwa, akaenda zake. Mtandao ukabaki vilevile. Kesho yake wakaipigia kampuni iliyowauzia huduma, wakaambiwa kwamba laini yao ni nzima. Saa zikawa zinayoyoma.

Hebu tuichunguze kauli yenyewe. Nomino "mtandao" imetokana na kitenzi "tanda", kilichotupa pia "utando" wa buibui. Leo neno hili moja linabeba angalau maana tatu: nyaya zinazounganisha tarakilishi za nyumbani, intaneti ya ulimwengu mzima, na kampuni ya simu, kama tunapoulizana, "Wewe uko mtandao gani?" Nacho kitenzi "katika" kimo katika kauli ya kutendeka, sawa na "vunjika" na "haribika". Kauli hii huitaja hali bila kumtaja mtenda. Kwa hiyo, anayesema "mtandao umekatika" hajasema ni upi, umekatikia wapi, wala nani au nini kimeukata. Tena amekwisha kuamua, pasipo kuchunguza, kwamba kuna kitu kimetengana.

Utafutaji wa busara huanzia karibu na kuelekea mbali. Kwanza, umeme. Kila kifaa kina taa. Isiyowaka ni ushahidi. Garissa ilikaa miaka mingi ikitegemea jenereta za dizeli kabla ya kuunganishwa na gridi ya taifa, na ingawa kituo kikubwa cha umeme wa jua kilizinduliwa nje ya mji mnamo Desemba 2019, kukatika na kurudi kwa umeme kwa kishindo kungali kunaunguza adapta za ruta. Joto nalo, ambalo mara kwa mara hupita nyuzi 35, huitesa ruta iliyofungiwa kabatini. Zima, ngoja dakika moja, washa upya: ruta kwanza, kisha swichi, mwisho tarakilishi.

Pili, waya. Ndani ya kebo ya kawaida mna nyaya nane nyembamba zilizosokotwa mbili mbili, yaani jozi nne. Usokotaji huo si pambo. Alexander Graham Bell aliusajili mwaka wa 1881 kwa ajili ya simu, kwa sababu nyaya mbili zilizosokotana hupokea kelele za nje kwa usawa, nazo kelele hizo zikafutana. Fundi anayefumua msokoto sehemu ndefu karibu na kichwa cha kebo anaondoa kinga hiyo. Aidha, kebo isizidi mita 100 kutoka kifaa hadi kifaa. Kando ya kila tundu kuna taa: ikiwaka, waya umeshika, isipowaka, badilisha kebo au tundu kabla hujabadilisha jambo lingine lolote. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Anayebadilisha vitatu kwa pamoja hatajua kamwe ni kipi kilichoponya.

Tatu, anwani. Kila tarakilishi hupewa na ruta anwani ya tarakimu, mathalani 192.168.1.5. Ikiwa umeiandikia tarakilishi yako amri ya ipconfig nayo ikaonyesha anwani inayoanza kwa 169.254, ujue kwamba imeomba anwani, haikujibiwa, ikajipa yenyewe. Basi tatizo liko baina yako na ruta, wala usisumbuke kuilaumu kampuni. Anwani ikiwa sahihi, tumia amri ya ping kuiita ruta, kisha iite anwani ya mbali kama 8.8.8.8, halafu tovuti kwa jina lake. Ruta ikiitika ilhali anwani ya mbali haiitiki, hitilafu imekwisha kuvuka ukuta wa nyumba yako. Anwani ya mbali ikiitika lakini jina haliitiki, kilichoharibika ni huduma ya kutafsiri majina kuwa tarakimu. Njia yenyewe ni nzima.

Kutambua kwamba hitilafu iko nje huokoa fedha. Mnamo tarehe 12 Mei 2024 kebo mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu na intaneti ikazorota katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki. Siku hiyo hapakuwa na kebo ya kununua dukani ambayo ingesaidia. Wajir na Mandera, ambako minara ya mawasiliano imewahi kushambuliwa na wanamgambo wa Al-Shabaab, wakazi wanaijua tofauti hii kwa uchungu zaidi. Kwa upande mwingine, kujua kwamba hitilafu iko ndani kunakuwezesha kujitegemea. Mafuriko ya Mto Tana yalipoikata barabara ya Garissa na Madogo mnamo Novemba 2023, na tena Aprili 2024, fundi wa kutoka Nairobi hakuwa mtu wa kumtarajia.

Turudi Bulla Iftin. Usiku wa pili mwanafunzi wetu aliacha kuuliza pamekatika wapi, akauliza anaona nini. Aliona kwamba taa zote za swichi zilikuwa zikiwaka. Zaidi ya hayo, zilikuwa zikipepesa kwa kasi moja, zote kwa pamoja, bila kupumzika, hata pale tarakilishi zote zilipozimwa. Swichi isiyo na mzungumzaji inapiga kelele za nini? Tarakilishi yake ilipowashwa ilionyesha anwani ya 169.254. Akaanza kuchomoa nyaya, mmoja baada ya mwingine. Alipofika wa sita, taa zikatulia ghafla. Akaufuata waya ule kwa vidole hadi nyuma ya kochi, ukamrudisha palepale kwenye swichi. Ncha zake zote mbili zilikuwa zimechomekwa humo.

Nyumba ilikuwa imesafishwa kwa ajili ya Idi. Mtu mwenye nia njema aliona ncha ya waya inaning'inia, akaona tundu tupu, akaviunganisha.

Madhara yake yanaelezeka. Tarakilishi inapotafuta nyingine hutoa mwito kwa wote, na swichi hunakili mwito huo katika kila tundu isipokuwa ulikotokea. Palipo na kitanzi, nakala hutoka tundu moja na kurudi kwa jingine, ikanakiliwa tena, na hivyo daima, kwani vifurushi vya ngazi hiyo havina hesabu ya kuvikomesha. Muda si muda kelele hujaza njia yote. Dawa yake ilibuniwa mwaka wa 1985 na Radia Perlman, Mmarekani aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Digital Equipment: swichi huzungumza zenyewe kwa zenyewe, zikakitambua kitanzi na kulifunga tundu moja. Lakini swichi nyingi za bei nafuu tunazonunua kwa matumizi ya nyumbani hazina ustadi huo.

Mtandao wa mjomba, basi, haukuwa umekatika hata kidogo. Uliungika kupita kiasi. Laiti mwanafunzi angesema tangu mwanzo, "Taa za swichi zinapepesa zote kwa pamoja na tarakilishi haipewi anwani," fundi yeyote mwenye uzoefu angekitafuta kitanzi kabla ya kufungua mkoba wake. Sura ya tatu ilitumwa saa saba usiku. Kebo ya mita thelathini ingali imezungushwa juu ya kabati, na mjomba anasema hairudishi dukani, ataianikia nguo.