Upepo wa Kusi na Njaa ya Ziwa Tanganyika

Mgogoni, kama kwengine Pemba, mwaka hugawika kwa pepo. Masika yakipita kusi huingia, bahari huchafuka, na mwenye chombo kidogo huitazama mara mbili kabla hajang'oa nanga. Upepo huohuo wa kusi ukifika bara, kwenye Ziwa Tanganyika, una kazi nyengine: ndio unaowalisha samaki. Kwa miongo mingi sasa kazi hiyo imezidi kuwa nzito, na dagaa wanapungua.

Ziwa hili lina kina cha mita 1,470 hivi. Upande wa kaskazini, ukishapita mita 100, na upande wa kusini, ukishapita kama mita 200, maji hayana oksijeni. Kila kinachokufa juu huzama huko pamoja na kaboni, naitrojeni na fosforasi yake. Hivyo mwanga uko juu na mbolea iko chini. Kuanzia Mei hadi Septemba kusi husukuma maji ya juu, yenye joto, kuelekea kaskazini. Upande wa kusini maji baridi hupanda kushika nafasi yake, na mbolea hupanda nayo.

Hapo mlolongo wa chakula huanza. Mimea midogo isiyoonekana kwa macho huchukua kaboni iliyoyeyuka majini na kuigeuza chakula. Vijidudu vya jamii ya kamba huila mimea hiyo, dagaa huwala vijidudu, na migebuka huwala dagaa. Usiku wa giza wavuvi wa Kibirizi, Kigoma, huwasha taa zao, dagaa hufuata mwanga, na wavu hupandishwa. Mlolongo ni mfupi, kwa hiyo upungufu wa chini haukawii kufika juu. Dagaa mwenyewe huishi kama mwaka mmoja tu. Hana akiba ya miaka ya kungojea msimu mzuri.

Maji ya juu yamezidi kupata joto, na maji ya joto ni mepesi. Kadiri tofauti ya uzito inavyokua, tabaka la juu hukaa juu ya lile la chini kama mafuta juu ya mchuzi, na upepo uliokuwa ukitosha kulivuruga hautoshi tena.

Ushahidi umo kwenye tope. Kaboni iko ya aina nyepesi na nzito, na mimea hupenda ile nyepesi. Inapostawi kwa wingi, nyepesi hupungua majini na mimea hulazimika kuchukua nzito zaidi. Ikifa, huzama na kuacha alama hiyo kwenye tope, tabaka juu ya tabaka. Mwaka 2003 Catherine O'Reilly na wenzake waliandika katika jarida la Nature kwamba matabaka ya karibuni yana kaboni nyepesi zaidi, dalili kwamba mimea imepungua. Walikadiria kuwa uzalishaji wa mimea ya ziwa umeshuka kwa kama asilimia 20, na kwamba hilo lingeweza kupunguza samaki kwa kama asilimia 30. Na wakati huo, waliandika, watu wa nchi zinazolizunguka ziwa hilo walikuwa wakipata kati ya asilimia 25 na 40 ya protini yao ya wanyama kutokana na samaki wake.

Si wote waliokubali. Wapo watafiti waliojibu kuwa uvuvi wenyewe unatosha kueleza kushuka kwa mavuno. Hoja hiyo ina uzito, maana nyavu na watu wameongezeka kweli. Lakini mwaka 2016 Andrew Cohen na wenzake walionyesha kuwa mabaki ya samaki kwenye tope yalianza kupungua kabla uvuvi mkubwa wa kibiashara haujashika kasi katikati ya karne iliyopita. Katika maeneo waliyoyachunguza, sakafu ya ziwa yenye oksijeni ilikuwa imepungua kwa asilimia 38 tangu 1946. Kwangu hilo linatosha: uvuvi umeongeza hasara juu ya hasara iliyokwishaanza.

Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi ziwani kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, kwa makubaliano na Burundi, Kongo na Zambia. Tarehe zimechaguliwa vyema, kwani zinaangukia ndani ya kusi, mbolea inapopanda. Lakini kupumzisha nyavu hakupozi maji. Dagaa watazaana, kisha watategemea chakula kilicho kidogo kuliko cha zama za babu zao. Anayekadiria mavuno ya kesho kwa kumbukumbu za zamani atawaahidi wavuvi samaki ambao ziwa haliwezi tena kuwalea.

Zanzibar haiko mbali na jambo hili. Wafanyabiashara wa Kongo huja kununua dagaa waliokaushwa visiwani; uhitaji wa bara unafika hadi kwenye nyavu za hapa. Kwa hiyo kule Kigoma, pamoja na kuhesabu mitumbwi na ndoo za dagaa mwaloni, joto la maji na kina ambacho oksijeni inafika vipimwe kila msimu wa kusi, na vipimo hivyo viwe mezani kabla ya kuamuliwa ni samaki wangapi wavuliwe.