Kazi ya Kupanga Usafiri wa Umma: Kumhesabu Aliyeachwa Kituoni

Saa 12 asubuhi, katika vituo vikubwa vya daladala jijini Dar es Salaam, hutokea jambo ambalo kila mwanafunzi wa jiji hilo analijua pasipo kufundishwa. Gari huja, konda huteremka na kusimama mlangoni, watu wazima huingia, na wanafunzi waliovaa sare huambiwa wangoje gari lijalo. Lijalo nalo huwa vivyo hivyo. Kipindi cha kwanza hupita, na mwalimu shuleni huandika katika daftari la mahudhurio kwamba fulani kachelewa. Aghalabu hiyo ndiyo kumbukumbu pekee ya tukio lile. Konda haandiki, mwenye gari hajui, na tiketi, pale zinapotolewa, hupewa aliyepanda, si aliyeachwa.

Kati ya taaluma zitokanazo na sayansi na hisabati, iko moja ambayo sehemu kubwa ya kazi yake ni kumhesabu huyo aliyeachwa. Nayo ni taaluma ya kupanga usafiri wa umma. Vijana wanaotamani uhandisi hufikiria madaraja, mitambo na umeme. Ni wachache wanaofahamu kwamba yuko mtaalamu ambaye kazi yake ni kuamua basi lipite wapi, lipite kila baada ya dakika ngapi, lisimame wapi na nauli ilipwe vipi. Maamuzi hayo hufanywa hata pale ambapo hakuna mtaalamu wa kuyafanya. Tofauti ni kwamba hapo hufanywa na mtu aliyesimama mlangoni.

Pengo kati ya basi na basi

Jambo la kwanza ambalo mpangaji hujifunza kulitazama ni muda unaotenganisha basi moja na linalolifuata. Mwanafunzi achukue kalamu na kufuata mfano huu. Njia fulani ina mabasi 6 kwa saa. Yakija kwa mpango, moja kila dakika 10, abiria anayefika kituoni bila kutazama saa atangoja wastani wa dakika 5. Sasa mabasi hayo hayo yaje kwa mpangilio mbovu: la pili lifuate la kwanza baada ya dakika 2, kisha pawe kimya kwa dakika 18, kisha yaje mawili tena. Mabasi ni yale yale, mafuta ni yale yale, na taarifa ya mwisho wa mwezi itasema kwa ukweli kabisa kwamba yalipita mabasi 6 kila saa. Lakini katika kila abiria 20 wanaofika kituoni, 18 hufika ndani ya pengo refu na kungoja wastani wa dakika 9. Wawili tu hufika ndani ya pengo fupi, nao hungoja dakika 1. Wastani wa wote ni dakika 8.2.

Wala madhara hayaishii hapo. Basi linalokuja mwisho wa pengo refu hukuta abiria 18, na linalolifuata hukuta 2. La kwanza hukawia kituoni kwa kupakia, la pili huondoka upesi, na kwa hiyo hulisogelea la kwanza zaidi katika kila kituo hadi yakawa yanakwenda bega kwa bega. Wanahisabati G. F. Newell na R. B. Potts waliieleza tabia hii kwa milinganyo mwaka 1964. Abiria wa Kariakoo huieleza kwa maneno makali zaidi, lakini wanazungumza juu ya jambo lile lile: pengo lisilotunzwa hujipanua lenyewe. Mpangaji hulitunza kwa kuweka vituo ambamo basi lililowahi husubiri saa yake, na kwa kupunguza muda wa kupakia.

Kwa nini mwanafunzi huachwa

Katika daladala pengo hilo halitunzwi na mtu, na sababu imo katika historia. Mwaka 1974 iliundwa UDA, Shirika la Usafiri Dar es Salaam, ili wakazi wabebwe na mabasi ya umma. Mji ulikuwa ukikua upesi. Sensa ya mwaka 1967 ilikuta humo watu wapatao 273,000, na ile ya mwaka 2022 imekuta mkoani 5,383,728. Shirika halikuweza kwenda na kasi hiyo. Vipuri viliadimika pamoja na fedha za kigeni za kuvinunulia, mabasi yakalala karakanani, na magari ya watu binafsi yakaanza kubeba abiria kwa kificho. Mwaka 1983 Serikali iliyaruhusu kwa leseni. Nauli ilikuwa shilingi 5, sarafu iliyoitwa “dala”, na humo ndimo lilimotoka jina la daladala.

Ni haki kusema kwamba magari hayo yaliuokoa mji usisimame. Lakini yalikuja na utaratibu wake wa malipo, na utaratibu huo ndio unaomtoa mwanafunzi mlangoni. Dereva hukabidhiwa gari alfajiri, na jioni humpelekea tajiri kiasi walichopatana, kiitwacho hesabu. Kinachobaki baada ya mafuta ndicho chake yeye na konda. Gari la siti 30 likijaa watu wazima hukusanya nauli 30. Likibeba watu wazima 20 na wanafunzi 10 wanaolipa nusu, hukusanya 25. Nauli 5 zilizopungua hutoka mfukoni mwa dereva na konda peke yao, maana hesabu ya tajiri haipungui hata senti. Nauli ya mwanafunzi iliwekwa kwa nia njema, ila gharama ya nia hiyo ameachiwa mtu asiyeweza kuibeba. Kwa sababu hiyo hiyo dereva husubiri gari lijae kabla ya kuondoka, hukimbizana na mwenzake kwenye kituo, na hukatisha ruti akiona kwamba mwisho wa njia hakuna watu.

Mtu wa kawaida huona hapa utovu wa adabu. Mpangaji huona mkataba. Katika miji kadhaa mwendeshaji hulipwa kwa kilomita alizotembeza basi, wala si kwa vichwa alivyobeba. Hapo mwanafunzi hana hasara kwa yeyote. Dawa hiyo nayo ina ubaya wake, kwani dereva anayelipwa kwa kilomita hana haraka ya kumsimamia abiria, na hapana budi pawepo wakaguzi. Kuupima ubaya wa kila mkataba kabla haujatiwa saini ni sehemu kubwa ya kazi hii, na huenda ndiyo ngumu kuliko zote.

Njia yake yenyewe

Mfano wa pili nao ufanyiwe hesabu. Njia ina urefu wa kilomita 15, na basi katika foleni hutembea kilomita 10 kwa saa. Kwenda na kurudi ni dakika 180. Zikiongezwa dakika 10 za kugeuza katika kila mwisho, mzunguko ni dakika 200. Ili basi lipite kila dakika 5 yahitajika mabasi 40. Basi likipewa njia yake pekee na kufikia kilomita 20 kwa saa, mzunguko hushuka hadi dakika 110, na mabasi 22 yatosha kwa huduma ile ile. Mabasi 18 yamepatikana bila kununuliwa.

Hesabu ya namna hii ndiyo iliyouongoza mji wa Curitiba, Brazil, ambao mwaka 1974 ulifungua njia mahsusi za mabasi chini ya Meya Jaime Lerner. Mwaka 1991 mji huo uliongeza vituo vyenye umbo la bomba, ambamo abiria hulipa kabla ya basi kufika na kuingia bila kupanda ngazi. Bogotá, Kolombia, ilifuata kwa mfumo mkubwa zaidi mwaka 2000. Dar es Salaam ililianza wazo hilo mwaka 2002, ikapata wakala wake, DART, mwaka 2007, ikaanza ujenzi mwaka 2012, na mabasi ya kwanza ya mwendokasi yakabeba abiria tarehe 10 Mei 2016 katika njia ya kilomita 21 hivi kutoka Kimara hadi Kivukoni, yenye matawi ya Morocco na Gerezani. Mtoto aliyezaliwa mwaka lilipozaliwa wazo alikuwa na umri wa miaka 14 basi lilipoanza. Kijana anayependa kuona matunda ya kazi yake kila Ijumaa na atafute kazi nyingine.

Mradi huo umefundisha pia kwa makosa. Karakana ya mabasi ilijengwa Jangwani, katika bonde la Mto Msimbazi, mahali panapojaa maji tangu zamani. Mafuriko ya mwaka 2018 yaliyaharibu mabasi mengi yaliyolazwa humo, na mara kwa mara barabara ya hapo ilipofungwa huduma ilikatika vipande viwili. Mpango wa kuliendeleza bonde hilo, uliopata fedha mwaka 2022, umejumuisha kuihamisha karakana na kujenga daraja refu. Tena huduma ilianza na mabasi 140, ilhali usanifu ulikusudia zaidi ya 300, na kila aliyesimama Kimara asubuhi alilihisi pungufu hilo mbavuni. Ramani ya mvua na hesabu ya magari havina fahari ya daraja jipya, lakini ndivyo vinavyoamua.

Kuingia katika kazi

Hakuna mlango mmoja wa kuingilia. Lerner alikuwa msanifu majengo. Frank Pick, aliyeuongoza usafiri wa London kwa miaka mingi, alisomea sheria. Harry Beck, ambaye ramani yake ya reli za chini ya ardhi za mji huo ilitolewa mwaka 1933, alikuwa mchoraji wa michoro ya kihandisi. Katika Tanzania, kijana aliyefaulu hisabati na jiografia, pamoja na fizikia au uchumi, anaweza kuelekea Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, kilichoanzishwa mwaka 1975. Au Chuo Kikuu Ardhi kwa mipango miji. Au Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa uhandisi wa ujenzi, takwimu au uchumi. Waajiri ni wakala wa mabasi, halmashauri za majiji, wakala za barabara, na mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini, LATRA, ambayo ndiyo hupanga nauli. Nairobi nayo ina mamlaka yake ya usafiri tangu mwaka 2017.

Miaka ya mwanzo si ya ramani za rangi. Mpangaji mchanga husimama juani akihesabu wanaopanda na kushuka, au hukaa ndani ya gari kutoka mwanzo wa njia hadi mwisho akiandika kila kituo. Vifaa vimebadilika, si kazi. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, wakishirikiana na watafiti wa vyuo vya Marekani, walipanda matatu wakiwa na simu zinazojua mahali zilipo, na mwaka 2014 ikatolewa ramani ya njia zaidi ya 130 ambazo hapo awali zilikuwa vichwani mwa madereva tu. Lugha nayo ni chombo: takwimu lazima ielezwe kwa diwani, kwa tajiri wa magari na kwa mama muuza samaki atakayehamishiwa kituo, na kila mmoja aielewe kiasi cha kuweza kuipinga.

Kosa moja humnasa karibu kila anayeanza. Huchukua hesabu ya tiketi, huona njia fulani ina abiria wachache, na hupendekeza ipunguziwe mabasi. Lakini yamkini abiria ni wachache kwa kuwa mabasi ni machache: wengine wameshaamua kutembea kwa miguu, wengine hutoka nyumbani saa 10 usiku, wengine wameikataa kazi iliyokuwa mbali. Hao hawamo katika tiketi yoyote.

Mwalimu anaweza kulionyesha hili kwa saa moja. Wanafunzi wanne wasimame katika kituo kilicho karibu na shule, kuanzia saa 12 hadi saa 1 asubuhi, wawe na saa ya mkono na daftari. Mmoja aandike wakati ambao kila gari lilifika, wa pili watu wazima waliopanda, wa tatu wanafunzi waliopanda. Darasani yachorwe mapengo, na utafutwe wastani wa kungoja kwa njia iliyoelezwa hapo juu: kila pengo lizidishwe kwa lenyewe, majibu yajumlishwe, kisha jumla igawanywe kwa mara mbili ya muda wote. Mwanafunzi wa nne asiangalie magari kabisa. Yeye awatazame walio kituoni, na kila gari linapoondoka aandike idadi ya wenye sare waliobaki.